Darubini ya inchi 8 unayo: ununue nini ili anga pana iingie kwenye picha?

Hapa Entebbe, mvua ya alasiri ikishapita, anga husafika kabisa, lakini wingu la ziwa halichelewi kurudi. Ukibahatika unapata saa moja na nusu ya nyota. Wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari na tena Juni hadi Agosti, hali huwa nafuu, ila hata hapo mimi hupanga kazi yangu kwa dakika. Kwa hiyo ukiniuliza ununue nini, kitu cha kwanza ninachotazama ni kasi: kifaa kitakusanya mwanga kiasi gani kabla wingu halijafunika tena.

Naandika kwa mtu ambaye tayari ana darubini ya Schmidt-Cassegrain (ya vioo viwili na mrija mfupi) ya inchi 8, mfano wa C8 ya Celestron. Kipenyo chake ni mm 203, urefu wa fokasi mm 2,032, yaani f/10: fokasi ukiigawa kwa kipenyo, na namba hiyo ikiwa ndogo, kasi ni kubwa. Kwa sayari ni darubini ya kupendeza. Kwa nebula pana, yale mawingu ya gesi na vumbi kati ya nyota, utateseka. Funga kamera yenye sensa ya mm 11.3 kwa 11.3, kama ASI533MC, uone: hata Mwezi hauenei wote kwenye picha.

Nafasi ya kwanza naipa HyperStar ya Starizona, bila kusita. Unatoa kile kioo kidogo kilicho mbele ya mrija, unakaza lenzi za HyperStar mahali pake, na kamera inakaa juu yake, ikitazama ndani kwenye kioo kikubwa. Fokasi inashuka hadi karibu mm 400 na darubini inakuwa karibu f/2. Kwa kamera ile ile sasa unapata nyuzi 1.6 za anga, Miezi mitatu ikijipanga sambamba. Mwanga unaoangukia kila sehemu ya sensa ni mara 25 ya ule wa f/10: picha ya sekunde 10 inafanya kazi ya picha ya dakika nne na ushee.

Hizo sekunde 10 zina thamani ya pekee kwetu tulio kwenye ikweta. Nyota ya Kaskazini hapa iko karibu kugusa ardhi, nyuma ya miembe na nyumba za watu, na mhimili wa stendi ya ikweta, ile inayozunguka kufuata nyota na ambayo mhimili wake huelekezwa upande wa nyota hiyo, unatakiwa kulala karibu sambamba na ardhi. Kupanga stendi namna hiyo ni shida. Ukiiacha stendi ya uma (yenye mikono inayoshika mrija) katika hali yake ya kawaida, ya juu-chini na kushoto-kulia, picha inazunguka polepole kadiri muda unavyopita, na ukielekea kaskazini au kusini mzunguko huo kwetu ni mkubwa kuliko walivyouzoea watu wa Ulaya. Ukielekea mashariki au magharibi karibu unatoweka. Kwa hiyo mimi hupiga picha fupi fupi nyingi, nikipenda upande wa mashariki, kisha programu inazipanga moja juu ya nyingine. Stendi sijaigusa.

Kabla hujatoa pesa, tazama katikati ya kioo cha mbele. Lazima kuwe na pete inayofunguka kwa mkono, alama ya mirija inayokubali mfumo wa Fastar, yaani ile ambayo kioo chake kidogo kimetengenezwa kutoka. Mimi niliuziwa mrija uliotumika nikiambiwa ni sawa tu, nikafika nyumbani, nikaushika ule mduara wa plastiki, nikauzungusha, haukutikisika hata kidogo. Muuzaji akaacha kupokea simu. Starizona wana vifaa vya kugeuza baadhi ya mirija ya zamani, lakini hiyo ni gharama nyingine juu ya gharama.

Jihadhari na mambo mawili zaidi. Kwenye f/2 nafasi ya kukosea fokasi ni kama mm 0.01, unywele ni mnene mara kadhaa kuliko hapo. Ukizungusha kitufe kwa mkono, nyota inapita ukali wake kabla hujaiona, kwa hiyo mota ya fokasi iweke kwenye bajeti tangu mwanzo. La pili ni kamera. Kamera kubwa ya DSLR ikikaa mbele ya mrija wa inchi 8 inaziba mwanga mwingi mno. Chukua ya mviringo. ASI533MC ina kipenyo cha mm 78. Waya wake nao upinde kwa duara, ukinyooka unaziwekea nyota miiba ya mwanga. Na filta za mkanda mwembamba, zinazopitisha rangi chache tu za mwanga, ziwe zile zilizotengenezwa kwa f/2, maana za kawaida hukosa rangi yake.

Nafasi ya pili ni lenzi ya kamera ya Samyang ya mm 135, f/2, ikipakiwa pamoja na kamera mgongoni mwa darubini yako. Haina fokasi ya kujiendesha, nayo ni bei nafuu kuliko HyperStar kwa mbali. Kwa sensa ile ile inachukua nyuzi 4.8. Kilimia kinaingia chote na vumbi linalokizunguka. Kama mfuko haujatosha, anza na hii, hutajuta.

Ya tatu ni kipunguza fokasi cha 0.63. Kinakufikisha f/6.3, mwanga mara mbili na nusu tu, na Mwezi peke yake karibu unajaza picha yote. Ni rahisi, hukazwa nyuma na vioo havifunguliwi, lakini hicho si kifaa cha anga pana.

RASA ya inchi 8, darubini ya Celestron iliyotengenezwa kwa ajili ya picha, naiweka mwisho kwa sababu moja tu: ni darubini nzima, mm 400, f/2, na wewe mrija unao tayari. Asiye na mrija angeanza nayo.

Vyote hivi utaviagiza nje, na VAT ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri. Agiza HyperStar, kamera na mota kwa mzigo mmoja. Ongeza pakiti za silika jeli: kile kioo kidogo ulichokitoa kitakaa sandukuni miezi, na unyevu wa ziwa huotesha ukungu juu ya vioo.