Uzoefu wangu na 666 ya Aphrodite's Child kwenye santuri (sahani mbili)

Watu wawili watatu wameniuliza kama hii albamu inafaa kununuliwa kwenye santuri au wabaki nayo tu kwenye simu. Inafaa, tena sana, ila kuna mambo ya kujua kabla hujatoa hela yako.

Kwa wasioijua, Aphrodite's Child ni bendi ya Wagiriki: Vangelis kwenye vinanda, Demis Roussos anapiga besi na kuimba, Loukas Sideras dramu, Silver Koulouris gitaa. Walitoka kwao 1968, mwaka mmoja baada ya wanajeshi kupindua serikali, safari ilikuwa ya London wakakwama Paris, wakatoa wimbo wa Rain and Tears ukapiga Ulaya nzima. Kampuni ya rekodi ikataka ziendelee kuja nyimbo laini za namna ile ile, Vangelis naye akaingia studio hapo hapo Paris mwishoni mwa 1970 na kurekodi Ufunuo wa Yohana! Nyimbo 24. Kampuni ikagoma kuitoa, ikakaa kabatini mpaka 1972 ndio ikatoka kwa lebo ya Vertigo, na bendi yenyewe wakati huo ilishavunjika kila mtu kashika hamsini zake.

Mimi Demis nilimjua kwa mama. Alikuwa na kaseti yake, yule bwana mnene mwenye ndevu na makanzu mapana, mzaliwa wa Alexandria kule Misri, anaimba mapenzi kwa sauti nyembamba inayotetemeka. Sasa uje umsikie huyo huyo kwenye The Four Horsemen anataja farasi mmoja mmoja, mweupe, mwekundu, mweusi, na wa mwisho kwenye wimbo ni wa kijani, anaanza kwa upole kabisa karibu na kunong'ona, halafu dramu za Sideras zinaingia ghafla unashtuka, na mwisho gitaa la Koulouris linalia mpaka wimbo unaisha. Nilikuwa naupenda tangu zamani kwenye simu ila kwa spika kubwa na sindano safi dramu zile unazisikia tumboni, sio utani.

Stori aliiandika Costas Ferris, na ni stori kali. Kuna sarakasi, ndani ya hema wanaigiza mwisho wa dunia, taa, wanyama, vurugu, watu wamelipa kiingilio wanapiga makofi, kumbe nje ya hema mwisho wa dunia wenyewe umeanza kweli na watazamaji wanadhani zile kelele ni sehemu ya onyesho. Basi. Usitegemee kuifuata kama tamthilia ya redio maana haielezwi hivyo, unapewa vipande vipande, na aliyesoma Ufunuo ana faida kubwa. Kwenye Aegian Sea kuna mtu anasimulia kwa sauti ya chini juu ya gitaa zuri mno, na ukisikiliza vizuri unakuta ni ile ya "hawataona njaa tena, wala hawataona kiu tena", sura ya saba. Nilisimamisha nikaenda kuchukua Biblia kabisa.

Sasa kwa nini santuri. Nyimbo nyingi humu ni fupi, nyingine dakika moja au mbili, zimeshikana. Kwenye simu yangu kila wimbo ukiisha kuna kaukimya kadogo kanakata stimu, na ukiweka kuchanganya ndio umeua kabisa. Upande B una nyimbo kumi na kwenye sahani zinatiririka bila kukata. Ila nisiwe mnafiki, upande B ndio dhaifu pia, hapo katikati kuna vitu kama Do It na Tribulation ambavyo ni fujo ya bendi kujifurahisha, na kama sio The Beast kuja kuokoa jahazi ningekuwa naruka upande mzima.

Upande C ndio wa kusikiliza ukiwa peke yako. Naongelea ule wimbo ambao jina lake ni ile alama ya hesabu ya kitu kisicho na mwisho. Irene Papas, mwigizaji yule wa Zorba the Greek na The Guns of Navarone, anarudia maneno yale yale machache, niliyekuwako, niliyeko, nijaye, nyuma kuna ngoma tu, anaanza kama anasali halafu anapandisha pandisha mpaka ni mayowe ya... jamani, mtasikia wenyewe. Ndio hasa uliofanya kampuni igome. Mimi nyumba yetu ukuta mmoja na mama mlokole, na kava lenyewe jekundu limeandikwa 666 kubwa katikati, kwa hiyo huo wimbo ni hedifoni tu. Kisanaa naukubali, Papas alikuwa na kipaji cha kutisha, ila kuurudia rudia sitaki.

Upande D ndio nilionunulia. All the Seats Were Occupied, dakika kumi na tisa, inaanza taratibu na kamdundo kanakokuzungusha, halafu vipande vya nyimbo za nyuma vinaanza kurudi kimoja kimoja, sauti ya Papas ile, msimulizi, kwaya, vyote vinarundikana juu yake mpaka huelewi kipi ndani ya hema kipi nje. Hapo ndipo stori ya Ferris iliponiingia. Na ukiwa umegeuza sahani kwa mkono wako mara zote hizo, umekaa nayo zaidi ya saa nzima, inavyokurudishia vitu vyake unavitambua, kwenye simu nilikuwa sifiki huko nilishaanza kuchati.

Kava linafunguka kama kitabu na ndani kuna mchoro wa ajali ya gari, mkubwa, unautazama huku unasikiliza. Kuna pia yale maandishi kwamba kazi hii ilirekodiwa chini ya ushawishi wa "sahlep", watu enzi zile wakadhani ni dawa za kulevya, kumbe ni kinywaji cha moto kizito cha maziwa na unga wa mizizi ya okidi, Waturuki na Wamisri wanakinywa kama sisi na uji.

Malalamiko. Yangu ni toleo jipya niliagiza nje, ushuru uliniuma, na sahani ya pili imekuja imepinda kidogo, sindano inapanda na kushuka ila hairuki, muuzaji nilimtumia picha kajibu "ni kawaida" akanyamaza. Pia mifuko ya ndani ni karatasi ngumu tupu inayoacha vumbi, siku ya kwanza ilikuwa tik tik tik mpaka nikaipiga brashi na kubadilisha mifuko, sasa imetulia. Zile za kwanza za Uingereza zenye duara za kuzunguka za Vertigo kwenye lebo, ile karatasi ya katikati ya sahani, zinauzwa bei ya ajabu, waachie wakusanyaji.

Ukipata iliyokwisha kutumika angalia sana mwisho wa upande D. Break ni wimbo mpole wa kinanda na uko ndani kabisa karibu na lebo, baada ya zile dakika kumi na tisa, kwa hiyo sahani iliyochakazwa na sindano mbovu itakwaruza hapo kuliko kwingine kote. Mwambie muuzaji akupigie Break kwenye simu kabla hujamtumia hela.