Tahadhari: regyuleta bandia za petroli zinazouzwa Kampala kwa wenye magari ya turbo

Ndugu zangu wenye magari ya turbo, hasa ninyi wenye Subaru za miaka ya tisini ambao mmekwisha kubadilisha pampu ya petroli au nozeli za kupulizia petroli kwenye injini, kuna mfanyabiashara mmoja katikati ya Kampala anayeuza regyuleta bandia za presha ya petroli, yaani vifaa vya kutawala presha ya petroli inayokwenda kwenye nozeli, zile zinazorekebishwa kwa skrubu, pamoja na geji yake ya kupimia presha, kwa shilingi 280,000. Amekula fedha yangu, amenichafulia injini, na ninapoandika haya bado anafungua duka lake kila asubuhi kana kwamba hana deni na mtu. Jina lake silitaji kwa sababu malalamiko yanaandaliwa. Wafanyabiashara wa vipuri wa Soko la Kisekka husingiziwa mengi, kwa hiyo niseme mapema kwamba huyu si wa huko.

Gari langu ni Subaru ya bluu, na pampu yake ya zamani ilibidi iondoke. Niliweka pampu ya lita 255 kwa saa, na fundi wangu wa Ndeeba akanishauri nitafute regyuleta yenye njia pana zaidi, kwa kuwa ile ya kiwandani huweza kulemewa na petroli nyingi kiasi hicho, ikashindwa kuirudisha yote kwenye tangi. Ushauri ulikuwa sahihi kabisa. Balaa lilinikuta dukani.

Alinipokea kwa “Karibu, mzee wangu,” ingawa umri wetu haupishani sana, akanivutia kiti, akaniuliza habari za injini na ukubwa wa nozeli kabla hata sijataja nilichofuata. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alijua kwamba regyuleta husikiliza vakyumu ya manifoldi, yaani mvuto wa hewa kwenye njia ya kuingizia hewa ya injini, kupitia mpira mwembamba, kwamba presha ya msingi hupangwa mpira huo ukiwa umetolewa, na kwamba injini ya Subaru ya EJ20 ya turbo hutaka presha ya takriban baa 3, yaani psi 43 hivi. Nilipomwonyesha regyuleta ya bei kubwa iliyokuwa kwenye kabati la kioo, alitikisa kichwa, akasema hiyo ni ya magari ya mashindano na kwamba kwa gari la kuendea kazini nitakuwa ninatupa fedha. Mfanyabiashara anayekuzuia usinunue kitu cha bei kubwa utamshuku kwa lipi? Ukutani alikuwa amebandika picha za magari ya Pearl of Africa Rally yakiwa hewani, vumbi jekundu limetanda nyuma yake, na alizizungumzia kama mtu aliyeyafunga magari hayo kwa mikono yake.

Kisha akafanya lile lililonimaliza. Alichukua mpira wa kompresa ya kujazia upepo, akaufunga kwenye tundu la kuingilia petroli, akakaza geji mahali pake, akaanza kuzungusha skrubu ya juu kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Mshale ukapanda taratibu kutoka 30 hadi 60, ukashuka, ukatulia kwenye 43 bila kutetemeka. Akanikabidhi ufunguo nijaribu mwenyewe. Nikazungusha, mshale ukanitii. Nikarudisha nyuma, ukarudi nao. Nililipa kwa simu papo hapo, na naona aibu kuandika kwamba nilimwongezea hata ada ya kutolea.

Jaribio lile lilikuwa mchezo mtupu, na ndiyo maana nalieleza kwa kirefu. Upepo kidogo wa kompresa unathibitisha tu kwamba springi na kiwambo vinashika presha. Hauthibitishi hata kidogo kwamba tundu la kurudishia linaweza kupitisha mkondo wa pampu ya lita 255, kwa maana injini ikinguruma bila kukanyagwa hutumia petroli kidogo sana, na karibu yote inayosukumwa na pampu lazima irudi kwenye tangi. Isipopata njia ya kurudi, presha hupanda, hata skrubu iwe imelegezwa hadi mwisho.

Gari lilianza kutoa moshi mweusi tangu siku regyuleta hiyo ilipofungwa. Plagi zilitoka nyeusi, zimefunikwa masizi makavu. Kijiti cha kupimia oili kikawa kinanuka petroli. Na mashine ya kusomea kompyuta ya gari ikaonyesha kwamba kompyuta inapunguza petroli hadi mwisho wa uwezo wake na bado mchanganyiko una petroli nyingi mno kuliko hewa. Petroli yenyewe, kwa bei ya wakati ule ya karibu shilingi 5,000 kwa lita, ilikuwa inaondoka huku ninaitazama. Geji ya yule bwana ilikuwa imesimama pale pale kwenye 42, kwa hiyo kila aliyeinama chini ya boneti alishuku nozeli, kitambuzi cha hewa, hata turbo. Nilipompigia simu alinijibu kwa upole kwamba Kampala iko juu, hewa ni nyepesi, na gari lolote lililoongezewa nguvu hutoa moshi mpaka kompyuta “iizoee” hali hiyo. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa hupungua kweli, lakini upungufu huo hauwezi kuifanya regyuleta nzima ipitishe presha iliyozidi kiasi kile. Uongo uliochanganywa na ukweli kidogo ndio uliomweka mjini.

Fundi wa Ndeeba hakubishana na mtu. Aliiacha ile geji mahali pake, akaunganisha yake kwenye bomba linalotoka kwenye filta, akawasha injini. Geji yake ikasoma 68. Akatoa mpira wa vakyumu na kuuziba kwa kidole. Kwa regyuleta nzima presha ingepanda kwa psi 8 hivi mpira unapotolewa na kushuka tena unaporudishwa, lakini mshale haukusogea. Hapo akasema regyuleta haitawali chochote. Ili ajue kama kizuizi kiko kwenye bomba la kurudi tangini, alizima injini ikapoa, akafungua bomba hilo kwenye regyuleta yenyewe, akaunganisha mpira mwingine uliotumbukizwa kwenye dumu, mtu amesimama karibu na mtungi wa kuzimia moto, akawasha tena. Presha ikabaki 68. Kama bomba la tangini ndilo lililoziba, presha ingeshuka mara moja. Iliyoziba ni regyuleta. Alipoirudisha ile ya kiwandani presha ilishuka hadi 45 mpira wa vakyumu ukiwa nje, na moshi ukaisha. Sasa pigeni hesabu: petroli inayopita kwenye nozeli huongezeka kwa kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo kutoka 43 hadi 68 ni takriban robo nzima ya petroli ya ziada kila nozeli inapofunguka.

Tuliifungua ile bandia juu ya gazeti. Tundu la kurudishia, ambalo kwa nje limefungiwa kiungo kipana cha kupendeza, kwa ndani limetobolewa kipenyo chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Rangi yake ya zambarau ilitoka kwenye kidole kilicholowa petroli. Nayo geji, baada ya kufunguliwa na kuwekwa mezani bila kuunganishwa na kitu chochote, iliendelea kusoma 42.

Niliporudi dukani hakuniita mzee tena. Alisema nimechezea skrubu, skrubu ile ile aliyonipa ufunguo nizungushe, kisha akanionyesha maandishi madogo chini ya risiti kwamba mali iliyouzwa hairudishwi. Risiti yenyewe haina jina la duka wala anwani, ila namba ya simu ambayo tangu hapo hainipokei. Maandishi yale hayamwokoi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi amemweleza muuzaji, nami nilimweleza hata ukubwa wa pampu. Madai yasiyozidi shilingi milioni 10 hupelekwa kwenye utaratibu wa mahakama wa madai madogo bila kulazimika kuweka wakili, na huko ndiko tutakakokutana. Lakini kurudishiwa fedha hakutoshi. Huyu ni mtu wa kufungiwa duka, mali yake ichukuliwe na maofisa wa UNBS, shirika la viwango la Uganda, na iharibiwe hadharani, kisha ashtakiwe, kwa sababu presha ya namna hiyo inaweza kufyatua mpira mkuukuu wa petroli juu ya turbo iliyo moto, na familia nzima ikaungua ndani ya gari kwa tamaa ya shilingi 280,000.

Dalili zenyewe? Geji isiyorudi kwenye sifuri. Tundu la kurudishia ambalo ukilimulika kwa tochi unaona kwa ndani ni jembamba mno kuliko kiungo cha nje. Jaribio la upepo mbele ya macho yako, na kisingizio kila unapotaka fundi wako aifunge kwanza na kuipima kabla hujalipa. Kama mmekwisha kuinunua, msiamini geji yake, unganisheni nyingine.

Mwenye risiti ya aina hiyo, isiyo na jina, yenye muhuri wa bluu uliopinda, asiitupe. Atunze pia ujumbe wa malipo wa kwenye simu, kwa sababu huo una jina la aliyepokea fedha, na malalamiko yetu yakienda pamoja hataweza tena kusema kwamba ni mteja mmoja tu aliyechezea skrubu.