Uzoefu wangu: mwaka mmoja wa kujifunza Kikorea na kuishi katika hasukjip mjini Jeonju

Kabla ya kuingia chuo kikuu nilikaa mwaka mzima Korea Kusini nikijifunza lugha. Nilichagua Jeonju, mji wa jimbo la Jeolla Kaskazini, badala ya Seoul wanakokwenda wengi, na leo ningechagua vivyo hivyo.

Kozi yenyewe, iliyoendeshwa na chuo kikuu cha hapo, ni nzito lakini ina mpangilio mzuri. Kila daraja huchukua wiki 10, saa 4 kila asubuhi kwa siku tano za wiki, yaani saa 200 darasani, na madaraja yote ni 6. Mimi nilifika la nne. Hati ya kuandikia Kikorea, ambayo Mfalme Sejong aliitangaza mwaka 1446, ina herufi 24 za msingi, nami niliisoma kwa siku chache tu. Matamshi ndiyo yaliyonitoa jasho, kwa kuwa Kikorea kina k tatu: ya kawaida, ya pumzi na ya kukaza. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na bibi yangu, katika Kimvita chake, hutofautisha kaa la moto na kaa wa baharini kwa pumzi hiyohiyo, kwa hiyo mbili za kwanza nilikuwa nazo tangu utotoni. Ya tatu ilinichukua miezi. Upungufu niliouona ni kwamba kuanzia daraja la tatu mafunzo huelekezwa mno kwenye TOPIK, mtihani wa kupima ujuzi wa Kikorea kwa wageni, na nafasi ya mwanafunzi kuzungumza hupungua.

Kuzungumza nilijifunzia nyumbani. Wakala aliyepokea malipo yangu ya bweni hakuwa ameniwekea nafasi, na fedha zile sikurudishiwa. Ndipo nikapanga katika hasukjip, nyumba ya wapangaji ambamo kodi ya chumba hujumuisha chakula cha asubuhi na jioni. Mwenye nyumba alikuwa mama aliyepita miaka 70, nami nikimwita halmoni, yaani bibi. Yeye ndiye aliyenisahihisha kila nilipomalizia kitenzi kama ninayesema na rika langu, maana heshima ya Kikorea haiishii kwenye maamkizi, bali hukaa katika mwisho wa kila sentensi. Mezani sikugusa kijiko kabla yake, na kila alichonipa nilikipokea kwa mikono miwili. Sokoni alinifundisha kuwaita wauzaji wa makamo imo, neno lenye maana ya dada wa mama. Dada wa baba ana jina lake, gomo. Aliponiuliza kama ninaelewa tofauti hiyo, nilimjibu kwamba kwetu pia mama mdogo si shangazi, akafurahi sana.

Mwezi wa Novemba tulifanya kimjang, kazi ya pamoja ya kutengeneza kimchi ya msimu wa baridi. Kabeji za Kichina zililazwa katika chumvi usiku kucha, zikaoshwa, kisha tukapaka kila jani mchanganyiko wa pilipili ya unga, figili, vitunguu saumu na uduvi wa chumvi. Majirani walikuja kusaidia, na siku hiyo moja ilinipa vitenzi vingi kuliko wiki nzima ya darasani. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida katika mapishi ya huko. Halmoni alinitengea sufuria yangu mwenyewe bila kuombwa mara ya pili, jambo ambalo sitalisahau.

Anayetaka kufuata njia hii aende na akiba ya kutosha, kwani mwenye viza ya masomo ya lugha haruhusiwi kufanya kibarua katika miezi sita ya kwanza, na baada ya hapo huhitaji kibali. Kadi ya ukaazi iombwe ndani ya siku 90. Chumba akitafute mwenyewe akiwa amekwisha kufika, akione kabla ya kulipa. Na akiweza, aanze muhula wa Machi, ili kabeji zitakapoletwa uani awe na Kikorea cha kutosha kuuliza kila kitu.