Difu ya 4.56 au 4.88 kwa tairi za inchi 35?

Chukua pikapu yenye tairi za inchi 31 na difu ya 4.10, yaani shafti inazunguka mara 4.10 gurudumu likizunguka mara moja. Ukiifunga tairi za 35, inakuwa nzito kuondoka na gia ya juu inakata tamaa mlimani. Gawanya 35 kwa 31, zidisha kwa 4.10: unapata kama 4.63. Namba hiyo iko kati ya 4.56 na 4.88, ndiyo maana ubishi huishia kwenye hizo mbili.

Safari ndefu ni za 4.56. Kwenye kilomita 100 kwa saa, gia boksi ikiwa kwenye gia ya 1:1, injini inazunguka kama mara 2,720 kwa dakika, 4.88 inaipeleka karibu 2,910, na kelele inaongezeka.

Mzigo, tope na milima ni vya 4.88. Klachi haiungui upesi, na gia boksi ya otomatiki haihangaiki kubadilisha gia. Ila pinioni ya 4.88 (gia ndogo ya difu inayozungusha krauni, ile gia kubwa) kwa kawaida ina meno 8, ya 4.56 ina 9, hivyo ni ndogo na haivumilii vishindo sana. Anayekanyaga mafuta ghafla kwenye mawe alipime hilo kwa makini.

Gharama ya ufundi ni ile ile. Difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane, na fundi asiye na vipimo vya kupangia krauni na pinioni usimpe kazi.

Mwenye dizeli ndogo na mizigo ya vijijini ningemwelekeza 4.88, mwenye injini kubwa na lami nyingi, 4.56. Ukipanga kufika tairi za 37, hesabu ile ile inatoa 4.89.