Tumechanja homa ya manjano hapa Mbeya, nawapa maksi 4 kati ya 5

Wadau habari zenu. Mimi na mama mdogo tunaenda Ghana mwezi ujao kuona wenzetu wanavyochachusha na kukausha kakao, maana yeye ana shamba Kyela na mimi ndo namsaidia kuuza. Ghana bila kadi ya njano, yaani cheti cha kuonyesha umechanjwa homa ya manjano, huingii, kwahiyo tukapanda daladala toka Uyole asubuhi na baridi yote ile tukaenda kituo cha chanjo mjini.

Niseme kwanza kuna jamaa alitaka kutuuzia kadi imeshagongwa muhuri kabisa, bila sindano. Iliniuma sana. Homa ya manjano haina dawa ya kuiua, kinga yake ni chanjo, sasa muhuri mtupu utamsaidia nini mtu akishaumwa ugenini?

Siku ya kwanza tulirudishwa. Nesi akatueleza chupa moja ni ya watu 10 na ikishachanganywa haivuki masaa 6, inamwagwa, kwahiyo wanasubiri watu wafike. Sababu nimeielewa ila wangeweka tangazo mlangoni, mama mdogo katoka Kyela na nauli yake. Hapo ndo nimewakata maksi moja, nyie pigeni simu kwanza.

Siku ya pili ndo nikawapenda. Sikutegemea maswali mengi vile, una aleji ya mayai, una ujauzito, unatumia dawa gani, umri je. Mama mdogo kusema ana miaka 64 nesi akaweka sindano chini akaenda kumwita daktari, kumbe ukivuka 60 na hujawahi kuchanjwa uwezekano wa madhara makubwa unapanda kidogo, ni nadra lakini upo. Daktari akakaa naye taratibu, shikamoo mama, akampima presha, akamuuliza magonjwa yote, akamwambia Ghana ugonjwa wenyewe upo kwahiyo kwa afya yake bora achanje, uamuzi ni wako mama. Akachanja. Usiku alipata homa na mwili kuuma, kesho yake jioni yuko sawa.

Wakatupa na ushauri wa malaria. Mama mdogo akajitetea Kyela malaria wameizoea, nesi akamwambia kwa upole mazoea sio kinga mama, wote mtameza, na mimi wa Uyole ndo kabisaa. Tumeandikiwa doksi (doxycycline, dawa ya kuzuia malaria), tunaanza siku moja kabla ya safari, kila siku kidonge, na tukirudi tunaendelea wiki 4.

Mkipewa kadi isomeni hapohapo dirishani, jina lifanane na paspoti herufi kwa herufi. Ya kwangu ilikosewa wakaandika nyingine bila maneno. Inaanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, ila ukishachanja ni ya maisha, ile ya kurudia kila miaka 10 iliondolewa 2016.