Mkutano mkuu wa kijiji: meno unayo, karatasi ndizo zinauangusha

Tarehe 27 Novemba 2024 vijiji vya Tabora vilipiga kura ya kuchagua wenyeviti wao, na kura hiyo itarudi baada ya miaka mitano. Katikati hapo mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila miezi mitatu, yaani mara 20, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kusema na kuamua. Mkutano huu ni huduma kwa mkazi, ila wengi huiacha ikae bure.

Kwenye ardhi tunaipa alama zote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Mkoa wenye wafugaji wanaotafuta malisho na wakulima wa tumbaku wanaotafuta mashamba mapya hauna kikao kingine cha kuulinda msitu wa kijiji namna hiyo.

Kwenye mapato na matumizi huduma inapwaya. Taarifa husomwa mwishoni, jua limeshawachosha watu, tena kwa jumla tu: zimeingia kadhaa, zimetoka kadhaa. Jumla haihojiki. Taarifa ibandikwe kwenye ubao wa ofisi wiki nzima kabla, ikionyesha kila chanzo (ushuru, michango, faini), namba ya stakabadhi ya kwanza na ya mwisho, na salio la benki. Mkutanoni iwe ajenda ya pili, mara tu baada ya muhtasari uliopita. Ikisubiri mengineyo, waliokuwa na maswali wameshaondoka.

Ubovu mkubwa kuliko wote ni karatasi ya mahudhurio. Watu husaini karatasi isiyo na kichwa, kesho inaambatishwa kwenye muhtasari wa shamba ambalo halikutajwa kabisa pale chini ya mwembe. Kila ukurasa uandikwe juu tarehe na ajenda zote, majina yapewe namba, na chini ya sahihi ya mwisho upigwe mstari watu wakiona. Muhtasari nao utaje waliokubali wangapi, waliokataa wangapi. “Wajumbe waliridhia” si hesabu.

Mkutano wa msimu wa mvua hukosa watu, wako mashambani. Uitwe saa kumi alasiri, na vitongoji vya mbali vikae kwanza vyenyewe, vije na hoja iliyoandikwa. Wazee wanaosema vizuri zaidi kwa Kinyamwezi waachwe waseme, mtendaji wa kijiji aandike kwa Kiswahili kisha awasomee alichoandika. Hoja nyingi nzuri hufia kwenye woga wa Kiswahili cha ofisini.

Miezi mitatu ikipita bila mkutano, andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Orodhesheni ajenda mnazotaka, wekeni sahihi za watu wa kila kitongoji, na msiondoke ofisini bila nakala yenu kugongwa mhuri wa kupokelewa.