Roli kosta kongwe inayotikisa: treni mpya au reli mpya?

Aliyezoea bembea za Kariakoo, Unguja, siku ya Sikukuu hajui adha ya roli kosta kongwe za Marekani na Ulaya, zile treni za mchezo zinazopanda, kushuka na kukata kona kwa kasi kwenye reli: kichwa hugongwa kushoto na kulia mpaka masikio yavume. Mwenye mchezo ana njia mbili.

Treni mpya ndiyo njia ya haraka. Behewa hushika reli kwa magurudumu ya aina tatu: ya juu yanayobeba uzito, ya ubavuni, na ya chini yanayolizuia lisiruke. Beringi zikilegea, nafasi kati ya gurudumu la ubavuni na reli hupanuka, behewa likapigwa huku na huku. Mabehewa mafupi ya safu moja ya viti, kama ya Millennium Flyer, aina moja ya treni za roli kosta, hufuata kona kwa urahisi. Behewa refu la safu tatu hulazimishwa, na reli ndiyo inayoliwa. Halafu kuna vizuizi vinavyomshikilia abiria kitini. Kings Island, bustani ya michezo ya Marekani, ilipoondoa vile vya mabegani kwenye roli kosta yake ya Flight of Fear mwaka 2001 na kuweka nondo za mapajani, kichwa kilikosa cha kugonga. Na reli ni ile ile!

Reli mpya ni ghali zaidi, ingawa ya mbao hubadilishwa kipande kwa kipande. Lakini kona iliyokunjwa vibaya tangu kiwandani haiponywi na treni. Pima kwanza: mtikiso ukihama na behewa, kosa ni magurudumu, ukitokea pahala pale pale kwa kila treni, ni reli.